Damu Ishuhudie Nini?

Ndugu msomaji, kwetu Chala mahindi ndiyo kila kitu: ni ugali, ni pombe, ni ada ya shule. Ndiyo maana nauliza swali gumu kidogo. Mtu akipimwa damu, ikaonekana chakula chake kina sumu, na chakula kingine hana, aambiwe au asiambiwe?

Sumu yenyewe ni sumukuvu, inayotokana na ukungu wa mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri. Kwa macho haionekani, na ukipika haiishi. Ikizidi huua upesi: Kenya mwaka 2004 ziliondoka roho 125, na hapa nchini, Dodoma na Manyara, mwaka 2016 watu 20. Ikiingia kidogo kidogo huharibu vinasaba vya ini, na baada ya miaka mingi huweza kuleta saratani.

Wataalamu hawangoji ugonjwa ujitokeze. Sehemu ya sumu hiyo hunata kwenye albumini, protini ya damu, ikaacha alama ya ulaji wa miezi miwili mitatu iliyopita. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015, watoto wadogo 166 wa Iringa, Tabora na Kilimanjaro walipimwa hivyo. Mwanzoni asilimia 84 walikuwa na alama. Mwaka mmoja baadaye, uji na ugali vikiwa vimeshika nafasi ya ziwa la mama, karibu wote walikuwa nayo.

Sasa wapo wasemao: waacheni watu wale, njaa inaua leo, saratani ni ya kesho. Si hoja ya kipuuzi. Kumwambia mama "mwanao ana sumu", kisha ukafunga vichupa vyako ukaenda zako, ni ukatili. Tena ni nusu ya ukweli, maana alama ile haisemi kwamba mtoto huyu ataugua. Inasema ameila sumu, basi.

Lakini kumficha nako ni kumdharau, kana kwamba maskini hana akili ya kubeba ukweli. Mimi naona alama ile si hukumu juu ya mtoto, ni ushahidi juu ya ghala. Mama akiuliza, ajibiwe. Ila jibu kubwa liende kwa kijiji kizima, kabla ya mavuno, likiandamana na maturubai ya kuanikia na maghala makavu. Aliyechukua damu yetu anadaiwa hayo. Na sisi tuliojua kusoma, vijana wenzangu, tunadaiwa kuyasema kwa lugha inayoeleweka jikoni.