Bei ya Kustahimili

Ukitoka Singida kwenda Nzega, barabara inateremka Sekenke, inakata bonde la Wembere, kisha inaingia Igunga. Udongo wa huku kwenye mabonde ni mweusi, na wenyeji huuita mbuga. Mvua zikinyesha, unavimba na kung'ang'ania viatu na matairi. Kiangazi ukikauka unapasuka, na nyufa nyingine zinameza mkono mpaka kwenye kiwiko. Nyumba iliyojengwa juu yake bila msingi mzuri hupata ufa ukutani kila mwaka, ufa uleule, upana tofauti.

Nilikwenda huko kwa ajili ya utafiti wa shahada ya uzamili. Nilitaka kujua miche ya pamba ya aina mbalimbali inaweza kukaa muda gani bila maji katika udongo huo. Mama mmoja mkulima aliniazima uwanja nyuma ya nyumba yake. Nilipanga ndoo 60 chini ya paa la nailoni ili mvua isiniharibie kazi. Ndoo 30 nilizimwagilia, 30 nilizinyima maji kwa siku 21. Baadaye nikarudisha maji, nikasubiri wiki moja, nikapita na daftari. Mche uliochipua tena niliuandika "hai". Uliobaki kijiti niliuandika "umekufa".

Mama alinifuata ndoo kwa ndoo, akiangalia kalamu yangu. Tulipofika mwisho akauliza, "Mwanangu, huo ulioandika uko hai, utazaa?"

Nikamjibu kwamba utafiti wangu haufiki huko. Unaishia kabla ya maua.

"Sasa mimi nitauza majani?"

Tulicheka wote wawili. Lakini usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu jibu la swali lake nilikuwa nalo tangu mwaka wa kwanza wa chuo. Jani lina matundu madogo, stomata, ambayo mmea huyatumia kuvuta kabonidioksidi, malighafi ya chakula chake. Maji hupotelea kwenye matundu hayohayo. Ukame ukizidi, mmea huyafunga. Unaokoa maji, na papo hapo unapunguza chakula. Ili usife kwa kiu, unakubali njaa. Pamba iliyokwisha kuchanua hufanya zaidi: hudondosha maua na vitumba vichanga, ibaki na mzigo inaoweza kuubeba. Mkulima akikagua shamba atakuta mmea umesimama, na chini yake mavuno yake yamelala mavumbini.

Safu ya "hai" kwenye daftari langu haikuwa na uongo. Ila ilikuwa imeficha bei.

Tangu siku hiyo neno ustahimilivu limekuwa likinikera kidogo. Unalikuta katika maandiko ya miradi, katika hotuba za warsha, katika kurasa za kwanza za tasnifu kama yangu. Jamii stahimilivu. Kaya stahimilivu. Na sisi Waswahili tumelelewa na methali ya mvumilivu kula mbivu, hivyo neno linapita masikioni bila kukwama. Swali ninalotaka kuuliza ni la kimaadili zaidi kuliko la kibiolojia: tunapomsifu mtu kwa kustahimili hali ngumu, tunamfanyia haki, au tunajipa ruhusa ya kuiacha hali hiyo kama ilivyo?

Nianze na utetezi wa upande wa pili, maana una nguvu. Mkulima wa Igunga hawezi kuamuru mvua. Nchi yake yote inachangia chini ya asilimia 1 ya hewachafu zinazoipasha dunia joto, kwa hiyo hata akiacha kila kitu anachofanya, mbingu haitabadilika. Anachoweza kukipata ni mbegu bora. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, Mwanza, kimefanya kazi hiyo kwa miongo mingi, na aina za pamba kama UK 77 na UK 91 zilitoka huko. Kumwambia mtu asubiri haki ya dunia wakati angeweza kupanda mbegu inayohimili ukame ni ukatili. Nakubaliana na hilo lote, na nisingekubaliana nalo nisingepanga zile ndoo.

Lakini kuna hatua inayorukwa. Udongo wa mbuga ukipasuka hauumii. Unaitikia ukavu tu, na mvua ikirudi nyufa zinajifunga. Pamba haiwezi kutoka kwenye ndoo. Kwa vitu hivyo viwili, kuuliza "kitavumilia kiasi gani?" ni kuuliza karibu kila kitu. Tukilihamisha swali lilelile kwa binadamu, tunakuwa tumeshamweka kwenye ndoo.

Mkoa huu una kumbukumbu ya jambo hilo. Burton na Speke walipofika Kazeh, Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, walikuta mji wa misafara iliyobebwa mabegani mwa watu. Wanyamwezi walisifika kama wapagazi, na wasafiri waliandika juu ya nguvu zao za kutembea na mzigo wa kilo 30 hivi, miezi mfululizo. Sifa hizo zilikuwa za kweli. Lakini wasafiri haohao waliandika pia, kwa hasira, kuhusu wapagazi waliogoma njiani, waliodai nyongeza ya posho, waliotua mizigo usiku na kutoroka. Kwa mwenye msafara huo ulikuwa ukosefu wa uvumilivu. Mimi nauona kama jibu ambalo mmea hauna. Mtu anaweza kupima bei anayolipa na kusema imezidi.

Anaweza pia kuibadilisha hali yenyewe. Katika mkoa jirani wa Shinyanga, ardhi ilikuwa imechakaa kiasi kwamba mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Kilichofanya kazi kilikuwa desturi ya Wasukuma wenyewe, ngitili: kutenga eneo la malisho wakati wa mvua, lipumzike, mifugo iingizwe kiangazi kikiuma. Miti na nyasi zilirudi katika maelfu mengi ya hekta. Ng'ombe hawakufundishwa kuvumilia njaa. Watu waliokaa na kukubaliana juu ya mipaka waliwapunguzia ng'ombe njaa.

Kwa hiyo sisemi tuache kupima ustahimilivu. Nasema anayeupima ana deni la kuandika safu ya pili: kilipotea nini ili huyu abaki amesimama, na nani alikilipa? Kaya "iliyostahimili" ukame huenda iliuza ng'ombe wa kulimia, au ilimtoa binti shuleni. Kwenye dodoso letu itahesabiwa kuwa imefaulu.

Nilirudi chuoni nikamweleza msimamizi wangu kwamba nahitaji msimu mmoja zaidi, nifike kwenye mavuno. Alinisikiliza kwa upole. Fedha hazikuwepo, na muda wa kuwasilisha ulikuwa umekaribia. Tasnifu ilipita. Katika ukurasa wa mipaka ya utafiti, karibu na mwisho, niliandika: "Utafiti huu haukupima mavuno."

Nilimpelekea mama nakala, nikamsomea sentensi hiyo. Akaniomba nirudie. Kisha akasema hiyo ndiyo ingekuwa ya kwanza.