Muadhini wa Mfukoni na Amana ya Anayemfundisha

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote anastahiki Allah Subhanahu wa Taala. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, masahaba zake na kila anayewafuata kwa wema. Ama baad.



Katika hosteli zetu hapa Uganda, usiku wa Ramadhani, hutokea jambo ambalo tumelizoea hata hatulishangai tena. Simu mbili ziko katika chumba kimoja. Moja inaadhini alfajiri, na mwenyewe anaweka kikombe chini. Nyingine inakaa kimya zaidi ya dakika kumi, na mwenyewe anaendelea kunywa chai. Wote wawili wana nia ya kufunga, na wote wawili wanaziamini simu zao. Je, tumewahi kujiuliza ni nani aliyezifundisha simu hizo alfajiri?

Ndani ya simu hamna alfajiri, ndugu zangu. Mna hesabu. Programu huhesabu ni saa ngapi jua litakuwa chini ya upeo wa macho kwa nyuzi fulani, kisha huita adhana. Rabita ya Ulimwengu wa Kiislamu hutumia nyuzi 18 kwa alfajiri. Hesabu ya Misri hutumia nyuzi 19 na nusu. Mpangilio unaojulikana kwa jina la jumuiya ya Waislamu wa Amerika ya Kaskazini hutumia nyuzi 15. Kwetu sisi tulio karibu na ikweta, kila uzi mmoja ni dakika 4 hivi. Basi kati ya nyuzi 15 na nyuzi 18 pana dakika 12 au 13, na kati ya 15 na 19 na nusu zinakaribia 20. Wanazuoni wana hoja zao katika hili, na si kazi ya mwanafunzi kama mimi kuwahukumu. Ninachotaka tukione ni hiki: aliyeandika programu ile alichagua namba moja akaiweka mbele, na wengi wetu hatukufungua mipangilio hata siku moja kuitazama. Huenda yeye mwenyewe hajui kwamba amewachagulia watu wakati wa kuacha kula na wakati wa kusimama kuswali.

Zamani kazi hii ilikuwa na mwenyewe. Katika misikiti mikubwa ya Sham na Misri palikuwa na mtu aliyeitwa muwaqqit, mwenye kuhesabu nyakati za swala. Ibn al-Shatir, mmoja wa wanafalaki wakubwa wa Kiislamu, alikuwa muwaqqit wa Msikiti wa Banu Umayya mjini Damascus, na mwaka 1371 alitengeneza saa ya jua kwa ajili ya mnara wa msikiti huo. Alijua falaki, na alijua fiqhi ya kile alichokuwa anakihesabu. Leo kiti cha muwaqqit kimehamia kwa kijana mwenye laptopu, pengine mbali sana na sisi, pengine asiyeswali kabisa. Kwa hiyo anayeanza leo kujifunza kutengeneza programu za simu na ajue kwanza ni kiti gani anachokisogelea.

Baadhi yetu tunaosoma masomo ya Kiislamu husema, hayo ni ya watu wa kompyuta, sisi tuna vitabu vyetu. Imam al-Ghazali katika Ihya aliyahesabu matibabu na hesabu kuwa fardhi kifaya, elimu ambazo mji ukizikosa wote, watu wote wana dhambi. Akalaumu namna watu wa zama zake walivyosongamana katika mijadala ya fiqhi, huku miji ikikosa tabibu Mwislamu. Tukipima kwa kipimo hicho, tunasemaje juu ya umma ambao kila kijana wake ana mus-haf, dira ya kibla na kalenda ya Hijria ndani ya simu, na wachache mno wanajua vinatengenezwaje? Kwa kuwa ni kifaya, hailazimu sote tujifunze. Ila ni lazima wapatikane wanaojua.

Na tukumbuke kisa cha Zaid bin Thabit (r.a.). Mtume (s.a.w.) alimwamuru ajifunze maandishi ya Mayahudi, kwa kuwa hakuwa na uhakika na barua zake zikiandikwa na kusomwa na wengine. Zaid alikuwa kijana tu. Imepokewa kwamba alijifunza kwa muda wa kama nusu mwezi. Sababu ya kujifunza kule ilikuwa amana: jambo la Waislamu lisikae mikononi mwa mtu ambaye hawawezi kumkagua. Hiyo ndiyo nia ninayomuusia anayeanza, kwani hadithi ya nia aliyoipokea Sayyidna Umar (r.a.) inaingia hapa pia. Ukijifunza upate riziki ya halali, ni vizuri. Ukiongeza nia ya kuwaondolea wenzako utegemezi huu, saa zako mbele ya skrini zinakuwa ibada.

Sasa, aanze vipi asiyejua hata herufi moja ya msimbo? Aanze padogo. Asiye na laptopu yenye nguvu anaweza kutumia MIT App Inventor, ambayo ni bure na hufanya kazi katika kivinjari: unapanga vipande kama matofali, na matokeo unayajaribu kwenye simu yako ya Android, hata ukiwa katika maabara ya kompyuta ya chuo. Mwenye mashine ya memori ya gigabaiti 8 au zaidi anaweza kuingia Android Studio, nayo ni bure, akajifunza lugha ya Kotlin. Lugha si kitu cha kugombania siku ya kwanza. Chagua moja ukae nayo.

Kazi ya kwanza iwe skrini moja yenye kitufe kimoja. Ya pili, chukua nyakati tano za leo kutoka kalenda ya msikiti wako, uziandike kwa mkono, zionekane kwenye skrini. Ya tatu, ifanye simu ihesabu yenyewe. Ziko hesabu zilizokwisha andikwa na watu na kuwekwa wazi kwa kila mtu, na si haramu kuzitumia, ila zifungue ujue zinatumia nyuzi ngapi, na Alasiri wameihesabu kwa kivuli mara moja kama ilivyo kwa Shafii au mara mbili kama kwa Hanafi. Usipojua la kuchagua, funga laptopu uende kwa sheikh. Hapo utaona kwamba mwanafunzi wa fiqhi na mwanafunzi wa kompyuta wanahitajiana.

Utakutana na mambo madogo yenye kuchosha. Adhuhuri ya Kampala huingia karibu na saa saba kasoro dakika kumi mchana, ikipanda na kushuka kwa robo saa hivi kufuatana na majira ya mwaka. Mashine itakuandikia 12:50, kwa kuwa yenyewe huanza kuhesabu usiku wa manane, na sisi huanza kuchomoza kwa jua. Ukitaka bibi yako aisome kwa saa ya Kiswahili, wewe ndiye wa kuondoa saa sita, tena uangalie kwamba alfajiri haikugeuki ikawa hasi. Nukta moja ikikosekana, mistari myekundu itajaa skrini. Hapo wengi huacha.

Usiache. Mkumbuke maalimu wa madrasa aliyekurudisha kwenye herufi moja mara kumi mpaka makhraj yake ikakaa sawa. Mashine nayo ni maalimu wa namna hiyo, ila haina fimbo wala haina sifa za kukupa. Inakurudisha tu. Nabii Musa (a.s.), pamoja na daraja yake mbele ya Mola wake, alisafiri mpaka akachoka ili akae chini ya Khidhr awe mwanafunzi, na sharti aliloambiwa lilikuwa subira. Kama Nabii hakuona aibu kuwa mwanafunzi, sisi tutaona aibu gani kuuliza swali la mtoto mbele ya wadogo zetu wa mwaka wa kwanza?

Limebaki jambo zito kuliko yote. Mwaka 2020 vyombo vya habari viliripoti kwamba taarifa za mahali walipo watumiaji wa programu moja mashuhuri ya nyakati za swala zilikuwa zikipitia kampuni ya kati hadi kwa wakandarasi wa jeshi la Marekani. Wenye programu walitangaza kukata uhusiano na kampuni hiyo. Lakini lifikirini: mtu alitaka kujua wakati wa swala, na nyayo zake zikauzwa. Surat al-Hujurat imekataza kupelelezana, na Surat an-Nisaa imeamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Mtengenezaji anayeanza anaweza kulitii hilo tangu mstari wake wa kwanza. Programu ya nyakati za swala haihitaji kujua umesimama mtaa gani. Orodha ya miji inatosha: Kampala, Mbale, Arua, Jinja, mtu achague mwenyewe. Usiombe ruhusa ya kitu usichokihitaji. Usiingize matangazo ambayo hujui yanabeba nini kwenda wapi. Ukiweka Kur'ani, chukua maandishi yaliyohakikiwa, umsomee hafidh kabla hujampa mtu yeyote, kwa maana harakati moja iliyopotea itasomwa na wengi usiowajua.

Hadithi inatufundisha kwamba elimu yenye manufaa humfuata mtu baada ya kufa kwake. Nyingine inatufundisha kwamba aliyeanzisha jambo baya hubeba mzigo wa waliolifuata. Programu inaingia katika zote mbili. Itaendelea kuadhini katika simu za watu ilhali wewe umelala, na hata siku utakayokuwa kaburini. Ukiadhini kwa namba uliyoihakiki, huo ni mlango wa kheri. Ukiadhini kwa namba uliyoibahatisha, nani atajibu kwa ajili ya saumu zao?

Basi muhula huu, wawili watatu katika kila msikiti wa chuo wakae pamoja: mmoja wa kompyuta, mmoja wa fiqhi, na mmoja asiyejua chochote ila ana hamu. Watengeneze programu ya nyakati za msikiti wao tu. Wailinganishe na kalenda na mbingu kwa mwezi mzima kabla ya kumpa mtu. Na leo hii, kabla hujalala, fungua mipangilio ya simu yako uone inakuadhinia kwa nyuzi ngapi.

Ewe Mola wetu, tunakuomba elimu yenye manufaa, mikono yenye amana na subira ya mwanafunzi. Tuepushe na kuwapoteza waja Wako kwa ujinga wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.