Jina Lenye Rangi Nyekundu

Siku si nyingi vijana wetu wa informatiki hapa Lubumbashi watapeleka kule Kasapa, kwenye chuo kikuu chetu, programu ya kubashiri ni mwanafunzi gani ataacha masomo. Ufundi wanao, na nia yao itakuwa njema. Hata Wisconsin, Marekani, walianza kwa nia njema.

Idara ya elimu ya jimbo hilo ilianza kujaribu mfumo wake wa aina hiyo mwaka 2012, kwa ajili ya shule zake. Mashine ilijifunza kutokana na kumbukumbu za waliotangulia: mahudhurio, alama, adhabu, umaskini wa nyumbani, hata asili ya mtoto, Mweusi au Mweupe. Mwalimu alipofungua orodha, kila jina lilikuwa na rangi yake: kijani, njano, nyekundu. Nyekundu ilimaanisha huyu hatamaliza kwa wakati.

Mwaka 2023 waandishi wa chombo cha habari The Markup walionyesha kwamba mfumo uliposema mtoto hatahitimu kwa wakati, ulikosea karibu mara tatu katika kila nne. Na waliosingiziwa zaidi walikuwa watoto Weusi.

Kinachoniuma ni kwamba dalili zilionekana mapema. Mwaka 2021 idara yenyewe ilijichunguza, ikakuta mfumo unawaonea watoto Weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Shule hazikuambiwa. Orodha ziliendelea kutoka, na walimu wakaendelea kuzisoma.

Dalili nyingine ilikuwa wazi zaidi: baada ya nyekundu, nini? Watafiti waliopitia kumbukumbu za miaka mingi hawakuona ushahidi kwamba rangi hiyo iliwasaidia watoto kuhitimu. Tena waligundua kwamba ukijua tu shule na mazingira yake, unabashiri karibu sawasawa. Tatizo lilikuwa shuleni, kidole kikaelekezwa kwa mtoto.

Nasi tunaweza kunasa hapo hapo, mimi nikiwemo, maana namba ikitoka kwenye mashine huonekana haina upendeleo. Mzazi amekosa mshahara, minervali haijalipwa, kijana ameenda kutafuta riziki machimboni. Programu itaona mahudhurio mabaya tu, na profesa ataona mvivu.

Basi ndugu zangu, kabla ya kuandika programu, ulizeni ofisi ya chuo: mwenye jina jekundu ataongezewa muda wa kulipa? Atatafutiwa mtu wa kumfundisha? Kama ofisi haina jibu, orodha hiyo isitoke.