Usimwambie Arudi Jumamosi



Leo naanza na kosa langu. Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Kabuku, mama akaniachia nisimamie palizi ya mahindi. Asubuhi akaja mama mmoja wa Chogo, jembe begani, anatafuta kibarua. Nikampimia ngwe. Kwa kuwa hakuuliza bei, nikairefusha kidogo. Jioni kamaliza, nikampa nusu ya hela: "Mama, nyingine uje Jumamosi." Jumamosi mimi nikaenda zangu Korogwe. Akaja, hakunikuta. Hakurudi tena.

Nikasema, "Hawa watu hawadumu na kazi." Mama akaniangalia. "Frateli, asiyedumu ni yeye au ni neno lako?"

Jamani! Nimemaliza falsafa, nimeandika kurasa na kurasa juu ya utu wa mtu, kumbe ngwe moja tu imenishinda.

Kama huijui Chogo, iko wilayani kwetu Handeni. Wengi wa watu wake asili yao ni Wazigua. Mababu zao walichukuliwa utumwani karne ya 19, wakapelekwa Somalia, bonde la mto Juba. Vita vya 1991 vilipowafukuza huko, wakakimbilia huku. Walikaa kambi ya Mkuyu, kisha mwaka 2003 wakahamishiwa Chogo. Walipewa ardhi, na wengi wamepata uraia. Yule mama alimsalimia mama yangu kwa Kizigua, wakaelewana. Sisi mtaani bado tunamwita mkimbizi.

Sasa fungua Kitabu cha Ruthu, sura ya 2. Ruthu ni mjane, Mmoabu, mgeni Bethlehemu. Anaokota masuke nyuma ya wavunaji, maana Torati iliagiza maskini na mgeni waachiwe masazo ya shamba. Kuingia shambani aliweza. Je, kubaki? Hapo ndipo Boazi anapohusika. Anamwambia asihangaike kwenda shamba lingine. Anawaonya vijana wasimguse. Anamruhusu anywe maji ya wafanyakazi. Saa ya chakula anamkaribisha. Anakataza asiaibishwe. Ndiyo maana Ruthu alidumu mpaka mavuno ya shayiri na ya ngano yakaisha.

Umeona? Ruthu alikuwa na bidii tangu mwanzo. Lakini bidii yake ilihitaji mwenye shamba mwenye hofu ya Mungu. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, siyo mtu kwa ajili ya kazi. Mimi nilihesabu mistari ya mahindi, mtu sikumwona.

Nilimfuata Chogo, mimi na mama, kulipa deni. Akazihesabu zile hela, akazifunga kwenye pindo la khanga. "Ahsante, mwanangu. Hii ilikuwa ya sare za mtoto. Shule imeshafunguliwa." Basi. Hakunigombeza. Ingekuwa nafuu angenigombeza.

Mama yangu akamuuliza jambo ambalo mimi halikunijia kabisa: "Dada, kazi unayoipenda mwenyewe ni ipi?" Akasema kushona. Nyumbani tuna cherehani imefunikwa kitambaa miaka. Sasa inafanya kazi. Bei wamekubaliana wawili, na hela anapewa siku hiyo hiyo.

Kijana, wiki hii jikague. Dada wa kazi nyumbani, mama anayekufulia, mama anayekulimia: mlipatana bei kabla? Amekula? Kuna mtu anamsumbua, naye anaogopa kusema? Kuna hela yake mfukoni mwako? Kama ipo, kabla hujaiweka sadaka Jumapili, mpelekee.

Tuombe: Ee Bwana, uliyekimbizwa Misri ukiwa mtoto, ukakulia kwa jasho la seremala, tufumbue macho tumwone mtu kabla ya kazi yake. Amina.