Hesabu Miaka Iliyosalia

Somo: Mambo ya Walawi 25:13–17



Sura hii twaisoma zaidi kwa ajili ya yubile, yaani mwaka ule wa 50 ambao kila shamba lilimrudia mwenyewe. Lakini katikati yake mna sheria ndogo ya sokoni ambayo wengi wetu twaipita upesi. Kwa kuwa shamba lingerudi kwa mwenyewe, muuzaji hakuuza ardhi hasa, bali aliuza mavuno ya miaka iliyosalia. Ikiwa imesalia miaka mingi, bei ipande; ikiwa ni michache, bei ishuke. Na sheria hiyo ikafuatwa na onyo kwamba mtu asimpunje mwenzake, bali amche Mungu.

Huenda msomaji akasema, Sisi hatuna yubile, jambo hili latuhusu nini? Latuhusu sana, maana siku hizi vitu vingi huuzwa vikiwa vimekwisha kuwekewa mwisho. Nitataja kimoja tu, nacho ni kompyuta mpakato, ambayo sasa imo shuleni, katika ofisi za kanisa na majumbani mwetu.

Kompyuta huendeshwa na programu, na programu hazikosi matundu ambayo wezi huyatafuta usiku na mchana. Kwa hiyo mtengenezaji hupeleka viraka kwa njia ya intaneti ili kuyaziba. Mwezi Mei 2017 programu ovu iliyoitwa WannaCry ilifunga kompyuta katika nchi nyingi, hata hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. Kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetolewa tangu Machi. Zilizoumia ni zile ambazo hazikuwa zimekipata.

Lakini viraka havitolewi milele. Windows 10 ilitolewa Julai 2015, na tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ikakoma kuihudumia kwa kawaida. Mashine nyingi zilizokuwa nzima kabisa hazikukubaliwa kuingia Windows 11, kwa kuwa hazikuwa na vifaa vya ndani vilivyotakiwa. Na zile ziitwazo Chromebook, ambazo shule za Marekani zilinunua kwa wingi, kila aina ina tarehe yake ya mwisho. Mwezi Septemba 2023 kampuni ya Google ilitangaza kurefusha muda huo hadi miaka 10. Ni jambo jema. Lakini angalieni hesabu yake: miaka hiyo haianzi siku unaponunua, bali tangu aina hiyo ilipotolewa mara ya kwanza. Anayenunua iliyokaa sana dukani, au iliyotumiwa na wengine, hurithi mabaki tu.

Tusiseme kwamba kuweka mwisho ni dhambi. Kushona viraka ni kazi ya watu wanaostahili ujira wao, na hata yubile ilikuwa mwisho uliowekwa na Mungu mwenyewe. Shamba la miaka mitatu liliweza kuuzwa kwa haki, mradi wote wawili walijua kuwa ni mitatu. Dhuluma huingia pale mmoja anapoijua hesabu na mwingine haijui. Na asiyejua mara nyingi ni nani? Ni mzazi aliyeuza mbuzi ili mwanawe apate mashine ya kusomea. Ni shule ya kijijini iliyochanga mwaka mzima.

Tena, shamba lilirudi kwa mwenyewe na kulimwa tena. Kompyuta iliyoachwa hurudi wapi? Kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 ulimwengu ulizalisha tani milioni 62 za takataka za vifaa vya umeme na elektroniki, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kushughulikiwa ipasavyo. Mna risasi na zebaki katika takataka hizo. Atupaye ovyo humwachia jirani sumu.

Basi, yatupasa mambo matatu.

Kwanza, wewe uuzaye, itaje tarehe kabla hujaulizwa. Usingoje mteja awe mjuzi ndipo uwe mkweli.

Pili, wewe ununuaye, uliza jina kamili la aina ya mashine, umwombe kijana ajuaye akutafutie tarehe yake. Kisha fanya hesabu ya darasa la nne: gawa bei kwa miaka iliyosalia. Mashine ya shilingi 600,000 yenye miaka sita ni shilingi 100,000 kwa mwaka. Ya shilingi 300,000 yenye mwaka mmoja ndiyo iliyo ghali, ingawa yaonekana rahisi.

Tatu, sisi tutoao. Nabii Malaki aliwakemea makuhani waliomtolea Mungu wanyama vipofu na vilema. Tukipeleka shuleni mashine ambazo sisi wenyewe tunaogopa kuzitumia, na kujiandikia kwamba tumetoa sadaka, twafanya jambo lile lile. Si kwamba mashine iliyopitwa na tarehe imekufa. Nyingi zaweza kuwekewa Linux, programu ya bure ambayo bado hupewa viraka. Nyingine zafaa kuandikia mitihani bila kuunganishwa na intaneti. Lakini mpeni fundi kazi hiyo kwanza, mlipe ujira wake, ndipo mtoe. Na mkishatoa, semeni wazi mmetoa nini.

Bwana aliyewafundisha Israeli kuhesabu miaka kwa haki atujalie sisi nasi kuihesabu mbele ya jirani zetu, tusimfiche mtu neno, wala tusimpe maskini kile tulichokikataa wenyewe. Amina.