Kabla Hujanunua Ekari, Uliza Nani Analima Pale

Shukrani zote ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, aliyeitandika ardhi na kutufanya makhalifa juu yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baad. Ndugu zangu katika imani,

Wengi wetu tunaokaa katika hosteli za huku Mulago tuna ndoto inayofanana: mshahara wa kwanza ukitoka, tuanze kuweka akiba, tununue ekari moja Luweero au Mityana, tujenge nyumba, tupande matooke na kahawa, wazazi wapate pa kupumzika. Ni ndoto njema. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Muislamu akipanda mti, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Lakini nia njema haihalalishi haki ya mtu mwingine.

Tazameni Madina. Mtume (S.A.W.) alipofika pale alihitaji mahali pa kujenga msikiti. Palipatikana uwanja wa kuanikia tende, mali ya mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Wao walitaka kuutoa bure kwa ajili ya Allah. Mtume akakataa mpaka ukanunuliwa kwa thamani yake. Mnunuzi ni Mtume, jengo ni msikiti, wenye mali wameridhia, na bado haki ya yatima ikalipwa. Sisi na nyumba zetu za vyumba vitatu tuna udhuru gani?

Hapa Buganda jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu kipande kimoja cha ardhi huweza kuwa na wenye haki wawili. Mkataba wa 1900 uligawa ardhi kwa maili za mraba kwa Kabaka, machifu na wakubwa wengine. Ndipo likatoka jina la mailo. Wakulima waliokuwa wakiishi humo walibaki bila hati. Hadi leo mmoja ana hati, na mwingine ana kibanja chenye nyumba, migomba na makaburi ya wazee wake. Sheria ya Ardhi ya 1998, pamoja na marekebisho ya 2010, imeweka wazi kwamba ardhi ikiuzwa, haki ya mwenye kibanja haifi. Haondolewi ila kwa amri ya mahakama, kwa sababu ya kutolipa busuulu, yaani kodi yake ya mwaka.

Basi dalali akikwambia, "Bei ni rahisi, kuna watu wachache tu pale, wataondoka," simama hapo hapo. Punguzo hilo limekatwa kwenye haki ya mtu. Mtume (S.A.W.) ameonya kuwa mwenye kudhulumu ardhi, hata shibiri moja, atavishwa shingoni siku ya Kiyama ardhi saba. Sahaba Said bin Zayd, mmoja wa wapokezi wa hadithi hii, aliposhtakiwa na mwanamke aitwaye Arwa kuwa amechukua ardhi yake, alimwachia, akisema vipi atadhulumu baada ya kusikia onyo hilo.

Yuko pia mwenye haki asiyeonekana shambani kabisa: binti wa marehemu. Kaka anauza ardhi ya baba, na dada zake na mama mjane hawajapewa mafungu yao yaliyotajwa katika Suratun-Nisaa. Kauli ya "kwetu wanawake hawarithi" haifuti aya.

Mtu atasema, "Mimi nina hati, na mwenyekiti wa LC1 amegonga mhuri." Vizuri, kwani Qur'ani imetuamrisha kuandikiana na kuweka mashahidi. Lakini Mtume (S.A.W.) alieleza kuwa yeye huhukumu kwa anayoyasikia, na atakayehukumiwa haki ya ndugu yake amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume haigeuzi haramu kuwa halali, mhuri utaweza?

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, kaihakiki hati katika ofisi ya ardhi. Kisha nenda shambani mchana, bila dalali. Salimia majirani, uliza nani analima, nani anaishi, nani amezikwa pale. Mwenye kibanja akitaka kuuza, mlipe thamani yake kwa ridhaa, mbele ya mashahidi. Asipotaka, kaa naye kwa wema upokee busuulu yake, au tafuta kwingine. Ukinunua kibanja, hakikisha mwenye ardhi ameulizwa kwanza. Ukinunua ardhi ya mirathi, onana na warithi wote, wanawake kwa wanaume.

Huenda utapata nusu ekari badala ya mbili, na utachelewa miaka mitatu kuhamia. Heri hivyo kuliko kusujudu kila alfajiri juu ya ardhi ambayo mwenyewe anakuombea mabaya. Na dua ya aliyedhulumiwa haina pazia mbele ya Allah.

Ewe Mola wetu, turuzuku makazi ya halali yenye baraka, na utuepushe na kula haki za wanyonge. Amin.