Kipimo cha Umbali

Kutoka Mpanda hadi Dar es Salaam, kwa mstari ulionyooka, ni kilometa 900 hivi. Ndege huzimaliza kwa saa chache. Garimoshi, kwa reli iliyojengwa kufuata madini ya risasi ikafika Mpanda mwaka 1950, huzunguka Kaliua na Tabora kwa zaidi ya siku moja. Umbali wa kweli ni upi?

Ardhi haikujikunja kwa ajili ya ndege. Kilichopungua ni muda, na muda huo hununuliwa. Mkulima wa Katavi aliyefiwa na nduguye pwani hukuta kaburi limekwisha fukiwa, si kwa upungufu wa mapenzi, bali nauli ilimshinda. Basi nchi ipimwe kwa safari ya mnyonge wake. Umbali usiompungukia yeye haujapungua.